Kutambua, Kutambuana na Kutambuliana: Istilahi za Kumsajili Mbunifu Mandhari Aliyehitimu Nchi Nyingine

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya fungu dogo la istilahi ambazo watafsiri, walimu na watumishi wa Serikali hukutana nazo kila wanaposhughulikia jambo la mtaalamu aliyehitimu katika nchi moja na kutaka kufanya kazi yake katika nchi nyingine. Ili maelezo yetu yasielee hewani, tumeteua taaluma moja tu, nayo ni ubunifu wa mandhari, yaani kazi ya kupanga ardhi ya wazi, maji, miti, njia na miteremko ili watu wapate kuitumia bila ya kuiharibu. Taaluma hii ni changa kwetu na jina lake halijatulia. Kwa sababu hiyo inafaa sana kuwa kipimo cha uimara wa istilahi zetu.

Hoja yetu ni moja. Tunadai kwamba Kiswahili kinazo, tangu zamani, njia za kisarufi za kutofautisha mambo matatu: kumtambua mtu, nchi mbili kutambuana, na nchi mbili kutambuliana sifa za watu wao. Atakayeyachanganya maneno haya katika tafsiri ataharibu zaidi ya ufasaha, maana aweza kumpa mtu haki asiyokuwa nayo, au kumnyima ile anayostahili.

Yafaa ikumbukwe kwamba mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Maneno ambayo zamani yaliweza kubaki ndani ya kamusi sasa yanaingia katika vifungu vya sheria, na mahakimu watayasoma kwa uzito wa sheria. Mtafsiri hana tena nafasi ya kusema kwamba maana kamili imo katika matini ya Kiingereza.

Mfano wa Nakwa

Tuchukue mahali pamoja pa kutusaidia kufikiri. Nakwa imo katika mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Mji wenyewe umekaa kati ya Ziwa Babati na Mlima Kwaraa, kwenye njia panda ya barabara iendayo Dodoma na ile iendayo Singida. Kutoka hapo hadi Arusha, yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni mwendo wa kilomita 170 hivi. Mahali pa namna hii panaihitaji taaluma ya mandhari kwa dhati. Maji ya mvua hushuka kutoka mlimani, ziwa hupanda na kushuka kufuatana na misimu, na nyumba huongezeka mwaka hadi mwaka. Pasipo mtu wa kupanga maji yapite wapi, miti ibaki wapi, na watu wafike ziwani kwa njia gani, kila mwenye kiwanja atapanga kwa faida yake.

Sasa tuseme, kwa ajili ya mfano tu, kwamba wenye mji wanamtaka mtaalamu wa kuwachorea mpango wa ukingo wa ziwa, na kwamba mtaalamu anayepatikana amesoma Kenya, katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta huko Juja, ambacho hufundisha fani hii. Ana shahada, ana uzoefu, na ni mwanachama wa chama cha taaluma yake. Je, aombe nini? Aombe leseni, au usajili, au kibali, au utambuzi, au ithibati? Barua moja ya Kiswahili yaweza kuyatumia maneno haya matano kana kwamba ni pacha. Nayo si pacha hata kidogo. Kila moja linaelekea ofisi yake, na kila moja lina historia yake. Kabla ya kuyatenganisha hatuna budi kuangalia zilivyotokea zamani kwetu desturi za kumkubali mjuzi kutoka ng’ambo.

Ijaza: hati iliyomfuata mtu

Jambo la mtu kuhitimu mahali pamoja na kukubaliwa mahali pengine si geni katika pwani yetu. Kwa karne nyingi wanazuoni wa Kiislamu walikuwa na ijaza, yaani idhini ambayo mwalimu alimpa mwanafunzi wake ya kufundisha kitabu fulani au elimu fulani. Ijaza ilitaja jina la mwalimu, na mwalimu wa mwalimu, mpaka kufikia asili ya elimu yenyewe. Mwenye kuishika aliweza kuvuka bahari kutoka Hadhramaut mpaka Ngazija, au kutoka Lamu mpaka Unguja, na popote alipofika waliomjua mwalimu wake walimpa nafasi yake.

Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kufariki mwaka 1925, ni mfano mashuhuri. Alisoma kwa wanazuoni wa Hadhramaut, akafika Istanbul, naye akawa kadhi Unguja kwa miaka mingi. Elimu yake ilitambuliwa kwa sababu ya mnyororo wa walimu wake, na mnyororo huo haukujali bendera ya bandari aliyoshukia.

Tunautaja utaratibu huu kwa sababu unatuonyesha aina ya kwanza ya utambuzi, ambayo ni utambuzi wa mtu. Anayetambua anamwangalia mtu mwenyewe na waliomfundisha. Hakuna nchi mbili zilizokaa mezani kuandikiana mkataba, wala hakuna anayesema “nikubalie wangu nikukubalie wako”. Kitenzi kinachofaa hapa ni kutambua peke yake, bila nyongeza: Unguja ilimtambua mwanachuoni. Tukumbuke neno hili, kwa maana tutalirudia tutakapofika Marekani.

Jina la taaluma

Kabla hatujasema habari za kumsajili mbunifu mandhari, hatuna budi kujua tunamsajili nani. Jina la taaluma hii katika lugha za Ulaya halina umri mkubwa. Mwaka 1828 Gilbert Laing Meason, Mskochi, aliliunganisha neno la mandhari na neno la usanifu katika kitabu chake kuhusu michoro ya mabingwa wa Italia. Yeye alikuwa akizungumzia majengo yanavyokaa katika nchi inayoyazunguka. Katika miaka ya 1860 Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, waliobuni Bustani Kuu ya New York, walilitwaa jina hilo kuwa jina la kazi yao. Mwaka 1899 wenye kazi hiyo nchini Marekani waliunda chama chao, na mwaka 1948 likaundwa shirikisho la kimataifa, ambalo rais wake wa kwanza alikuwa Geoffrey Jellicoe wa Uingereza. Hivyo jina lilianza kitabuni, likawa la watu wawili, kisha likawa la chama, na mwisho likawa la sheria. Istilahi nyingi hupita njia hiyo.

Kwetu neno la kwanza lililoleta matatizo ni lile la mwenye kubuni majengo. Kuna wanaomwita msanifu majengo, na kamusi nyingi zinawaunga mkono. Kuna wanaomwita mbunifu majengo, na hao wanaungwa mkono na jina rasmi la bodi yetu, ambayo ni Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Msingi wa msanifu ni kitenzi sanifu, chenye asili ya Kiarabu, ambacho hubeba maana ya kutunga kwa ustadi na kwa kufuata kanuni. Ndicho kilichotupa Kiswahili sanifu. Msingi wa mbunifu ni buni, yaani kuleta wazo ambalo halikuwapo. Maneno yote mawili ni mazuri. Ubaya ni kuwa nayo yote mawili katika daftari moja la sheria.

Fikiri juu ya cheti kilichotafsiriwa Nairobi kwa jina la msanifu, kikaletwa katika ofisi ambayo daftari lake lina wabunifu tu. Karani mwangalifu, ambaye kazi yake ni kulinganisha maneno, atauliza kama hizi ni taaluma mbili au moja. Hatakuwa amekosea kuuliza. Sisi ndio tutakaokuwa tumemtega.

Neno la pili ni mandhari. Kwa asili yake ya Kiarabu linatokana na kutazama, na kwa Kiswahili ni yale yaonekanayo mahali. Kwa hiyo mtu anayesikia mbunifu mandhari kwa mara ya kwanza huweza kudhani kwamba ni mpamba bustani, mtu wa maua na nyasi. Tumewahi kusikia watu wakipendekeza majina yaliyojengwa juu ya ardhi au juu ya sura ya nchi, neno ambalo walimu wa jiografia wamelizoea. Lakini ardhi tayari ina wenyewe, kama vile wapima ardhi na maofisa ardhi, na sura ya nchi ni jina refu lisiloweza kunyambulika kwa urahisi. Kwa maoni yetu mandhari libaki, ila kila linapoingia katika sheria lifuatwe na ufafanuzi unaotaja maji, udongo, mimea na matumizi ya watu. Istilahi huishi kwa ufafanuzi wake. Neno daktari nalo kwa asili ni mwalimu, lakini hakuna mgonjwa anayepotea njia kwa sababu hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo mtafsiri asipoliangalia litampita. Katika Kiingereza mbunifu wa majengo na mbunifu wa mandhari wanachangia jina moja la msingi, na yule wa mandhari huongezewa tu neno mbele. Katika Kiswahili tumelifunga jina la kwanza kwa neno majengo. Anayesoma “mbunifu majengo” anaona wazi kwamba mwenye mandhari hayumo. Mlango ambao Kiingereza kimeuacha nusu wazi, Kiswahili kimeufunga na komeo. Hilo si kosa, maana usahihi ni sifa njema. Lakini linatulazimu kumtaja mbunifu mandhari kwa jina lake kila tunapotaka awemo, badala ya kutumaini kwamba ataingia kwa kivuli cha mwenzake. Hata Uainishaji wa Kimataifa wa Kazi wa mwaka 2008, uliotolewa na Shirika la Kazi Duniani, umewatenga: wabunifu majengo wana namba 2161 na wabunifu mandhari wana namba 2162.

Kutoka chuo kimoja hadi bodi nyingi

Sasa tuje katika historia ya kumkubali mtaalamu wa nchi jirani. Kati ya mwaka 1963 na 1970 Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye Tanzania, zilikuwa na chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi matatu. Kazi ziligawanywa: utabibu ulikuwa Makerere, sheria ilikuwa Dar es Salaam, na ubunifu majengo ulikuwa Nairobi pamoja na uhandisi na utabibu wa mifugo. Kijana wa Tanzania aliyetaka kuwa mbunifu majengo ndani ya Afrika Mashariki alikwenda Nairobi. Aliporudi, shahada yake haikuwa ya kigeni, kwa kuwa ilitolewa na chuo chetu sote. Katika hali hiyo hapakuhitajika neno la kutambuliana sifa, maana huwezi kutambuliana na mtu ambaye mnakula naye chungu kimoja.

Mwaka 1970 chuo hicho kiligawanyika kikazaa vyuo vikuu vitatu vya kitaifa. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza, iliyokuwa imeundwa mwaka 1967, nayo ilivunjika. Wakati huo kila nchi ilikuwa na daftari lake au ilikuwa njiani kulipata. Kenya ilikuwa na sheria ya kuwasajili wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi tangu mwaka 1934, wakati wa ukoloni. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 1972, ambayo iliwaweka wabunifu majengo, wakadiriaji majenzi na makandarasi chini ya bodi moja ya taifa. Mwaka 1997 makandarasi walitengwa wakapewa bodi yao, na wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi wakabaki na yao, ambayo ilitungiwa sheria nyingine mwaka 2010. Uganda ilitunga sheria ya usajili wa wabunifu majengo mwaka 1996. Kwa upande wa elimu, Chuo cha Ardhi cha Dar es Salaam kilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, kikawa Chuo Kikuu cha Ardhi mwaka 2007.

Mkataba wa Jumuiya ya sasa ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika Julai 2000. Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa saini Novemba 2009, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ibara yake ya 11 ndiyo inayozitaka nchi zilinganishe na zikubaliane sifa za elimu na za taaluma. Kwa kufuata ibara hiyo, wenye mamlaka ya taaluma walianza kufunga makubaliano: wabunifu majengo na wahasibu mwaka 2011, na wahandisi mwaka 2012. Kwa jina lake, makubaliano ya kwanza kati ya hayo yanawahusu wabunifu majengo.

Hapo ndipo mfano wetu wa Nakwa unapokutana na historia. Sheria ya Kenya ya 1934, kwa jina lake, inawataja wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi. Wabunifu mandhari wa huko wana tawi lao ndani ya chama cha wabunifu majengo cha Kenya, kilichoundwa mwaka 1967. Lakini uanachama wa chama na usajili wa sheria ni vitu viwili. Chama huingiwa kwa hiari, na daftari la sheria huandikwa kwa amri ya nchi. Nchi mbili haziwezi kutambuliana usajili ikiwa upande mmoja una daftari na mwingine una chama. Katika hali hiyo linalobaki ni kumtambua mtu kwa shahada na uzoefu wake, kama zilivyofanya bandari zetu kwa mwenye ijaza. Mtafsiri anayeandika “kutambuliana” mahali pasipo na madaftari mawili anaahidi kitu ambacho hakuna ofisi ya kukitimiza.

Maneno matano na ofisi zake

Tuyatenganishe sasa yale maneno matano.

Ithibati, kwa maana ya uthibitisho, hupewa chuo au programu ya masomo. Chuo hupata ithibati na mwanafunzi hupata shahada. Kusema “mbunifu aliyepewa ithibati” ni kumvika mtu joho la jengo.

Usajili unatokana na sajili, kuandika katika kitabu. Mtu husajiliwa jina lake linapoingia katika daftari la bodi, na kuanzia hapo ana haki ya kujiita kwa jina la taaluma hiyo. Sheria za taaluma za ujenzi zinajua pia usajili wa muda, ambao hupewa mgeni aliyekuja kwa kazi maalumu. Kazi ikiisha, usajili nao huisha.

Leseni ni neno tulilolipokea kutoka Kiingereza na kulizoea kwa madereva na wafanyabiashara. Hiyo ni ruhusa ya kutenda, yenye kipindi, na hulipiwa upya. Mtu aweza kuwa amesajiliwa na asiwe na leseni ya mwaka huu. Hawezi kuwa na leseni ya taaluma bila ya kusajiliwa.

Kibali ni ruhusa ambayo mamlaka humpa mtu kwa jambo ambalo bila hiyo lingekatazwa. Tangu sheria ya ajira za wasio raia ya mwaka 2015, kibali cha kazi kina maana maalumu katika Tanzania Bara: ni ruhusa ya mgeni kuajiriwa. Hakihusu ujuzi wake. Mtaalamu wetu aweza kusajiliwa na bodi akakosa kibali cha kazi, au akawa na kibali cha kazi na bodi ikamkatalia. Kwa hiyo kuiita leseni ya taaluma “kibali” ni kumpeleka mwombaji katika dirisha lisilo lake, na kumrudisha nyumbani na karatasi isiyomsaidia.

Utambuzi ni tendo la kuona kwamba kitu ni kile kinachosemwa kuwa. Hutangulia usajili. Bodi huitambua shahada ya Juja kwanza, kisha ikaamua kama itamsajili mwenye shahada hiyo. Utambuzi si ruhusa. Wahenga walisema, “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.” Utambuzi ni kujua kwamba mgeni huyu ni mkulima. Jembe lenyewe ni usajili na leseni, na lazima atokee mtu wa kumkabidhi.

Kiambishi kimoja na uzito wake

Tumefika katika kiini cha hoja. Kiswahili huonyesha kutendeana kwa kiambishi -an-. Watu huona, na wakionana wamekutana. Lakini lugha yetu ina hatua nyingine kabla ya hiyo, ambayo ni kiambishi cha kutendea. Kuonana si sawa na kuoneana huruma. Katika kuonana, kila mmoja anamwona mwenzake. Katika kuoneana, kuna kitu cha tatu, huruma au wivu, ambacho kila mmoja anamwonea mwenzake. Kadhalika kupigana si sawa na kupigiana simu. Anayekiacha kile kiambishi kidogo cha kutendea amegeuza mazungumzo kuwa vita.

Tukitumia kanuni hiyo hiyo kwa kutambua, tunapata kutambuana na kutambuliana. Nchi mbili zikitambuana, kila moja imekubali kwamba nyingine ni dola, na zinaweza kupelekeana mabalozi. Hilo ni jambo la Wizara ya Mambo ya Nje. Nchi mbili zikitambuliana, kuna kitu cha tatu wanachotambuliana, nacho lazima kitajwe: kutambuliana vyeti, kutambuliana usajili, kutambuliana sifa za kitaaluma. Tanzania na Kenya zilitambuana tangu zilipopata uhuru. Kutambuliana sifa za wataalamu ni kazi iliyokuja baadaye, na inafanywa taaluma moja baada ya nyingine.

Tunaona katika tafsiri mbalimbali maneno kama “utambuzi wa pamoja”. Nia ya neno hilo ni njema, lakini utambuzi wa pamoja ni watu wawili kukitambua kitu kimoja kwa pamoja, kama majirani wawili wanavyomtambua mwizi. Hausemi kwamba kila upande umejifunga kwa mwenzake. Maana ya makubaliano ya 2011 ni kwamba wewe unakubali walio wangu na mimi nakubali walio wako. Wajibu huo wa pande mbili umo ndani ya kiambishi -an-. Ukiuondoa umeacha jina la mkataba bila ya sharti lake. Aidha, neno makubaliano lenyewe limebeba -an- hiyo hiyo. Sarufi ilikwisha kutuonyesha njia.

Jimbo, nchi na dola

Watafsiri wanaosoma matini za Marekani watakutana na jambo hili katika sura nyingine. Huko kila jimbo lina mamlaka yake ya kuwasajili wabunifu mandhari, na California ilitangulia mwaka 1953. Mtu aliyepata leseni katika jimbo moja akihamia jingine huomba upya, lakini kwa kawaida harudii safari yote, kwa sababu bodi za majimbo zina baraza lao ambalo huandaa mtihani mmoja na kutunza kumbukumbu za watahiniwa. Kuna njia mbili zinazofuatwa. Ya kwanza ni kutendeana: jimbo humkubali mwenye leseni ya jirani kwa kuwa jirani naye hukubali za kwake. Ya pili ni kumwangalia mtu mwenyewe, elimu yake, mtihani wake na miaka yake ya kazi, bila ya kuuliza jimbo lake linatutendea nini. Ya pili ndiyo ndugu wa ijaza. Tusizitafsiri zote mbili kwa neno moja.

Lakini hapo pana mtego. Neno moja la Kiingereza linalotumika kwa jimbo la Marekani ndilo linalotumika kwa nchi mwanachama wa Jumuiya na kwa dola katika sheria ya kimataifa. Kwetu sisi jimbo ni eneo la uchaguzi wa mbunge. Nchini Kenya neno hilo linakumbusha katiba ya majimbo ya mwaka 1963. Kwa hiyo tunashauri jimbo litumike kwa Marekani na nchi zenye muundo kama wake, nchi mwanachama kwa Jumuiya yetu, na dola pale tu panapozungumzwa mamlaka kamili. Anayeandika kwamba Kenya ni “jimbo jingine” atakuwa ameunda shirikisho kwa kalamu.

Mapendekezo

Kutokana na maelezo haya tunapendekeza yafuatayo kwa wasomaji wetu.

Kwanza, katika maandishi ya sheria na ya ofisi za Tanzania jina liwe mbunifu mandhari, ili lilingane na jina la bodi yetu. Walimu wawaeleze wanafunzi kwamba msanifu mandhari ni jina jingine la mtu huyo huyo. Palipo na shaka namba 2162 iandikwe kando ya jina.

Pili, neno kutambua litumike mtu au cheti kinapokubaliwa na upande mmoja. Kutambuana lihifadhiwe kwa dola. Na kutambuliana litumike daima pamoja na jina la kile kinachotambuliwa. Jina la makubaliano liwe, kwa mfano, Makubaliano ya Kutambuliana Sifa za Wabunifu Majengo.

Tatu, usajili, leseni, kibali na ithibati visibadilishwebadilishwe kwa ajili ya kupamba sentensi. Katika insha, kurudiarudia neno ni udhaifu. Katika sheria, kulibadilisha neno ni kubadilisha maana.

Nne, istilahi hizi zipelekwe katika Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ili orodha iwe moja kwa nchi zote. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilizihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja. Mwaka 1964 ikawa sehemu ya chuo kikuu huko Dar es Salaam, na mwaka 1967 Tanzania ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Lugha, kama ubunifu majengo, ilikuwa na meza moja, kisha meza zikawa nyingi. Wataalamu wa majengo wamekwisha kuanza kutambuliana sifa. Sisi wa istilahi, tunaowaandikia maneno ya makubaliano yao, hatutakuwa na udhuru tukishindwa kutambuliana maneno.